Tumenyimwa ufadhili mara tatu: tunakosea wapi?

SWALI: Salamu mwalimu. Mimi ni katibu wa kikundi cha vijana 14 hapa Nyalenda, Kisumu. Tuna cheti cha usajili na akaunti ya benki. Tunafundisha wenzetu mambo ya afya, tunagawa sodo shuleni, tunazibua mitaro. Tumeomba pesa mara tatu kwa mashirika yanayosema yanasaidia miradi ya vijana ya kuleta usawa wa afya katika jamii, na mara tatu tumekataliwa. Mara ya mwisho waliandika tu kwamba andiko letu halikuonyesha suala la usawa. Sasa kuna bwana mmoja mjini anataka tumlipe 30,000 atuandikie, na pesa zikitoka achukue asilimia 10. Wenzangu wanataka tuchange. Nimekutumia andiko letu la tatu ulisome. Kwa kweli nimechoka, kwa sababu shida tunaiona kila siku. Hata wasichana wanaopata mimba hapa kwetu hawaendi kliniki mapema, wanaona haya kukaa benchi moja na mama zao na majirani.

JIBU: Binti yangu, hizo 30,000 zibaki kwa mweka hazina wenu. Huyo bwana nitamrudia baadaye. Nianze na kilichonifanya niisome barua yako mara mbili.

Andiko lenu lina kurasa 17, barua yako ina aya moja. Katika kurasa zote 17 sikukutana na mtu hata mmoja wa Nyalenda. Nilikutana na "vijana wengi", "jamii zilizotengwa", "changamoto mbalimbali za kiafya". Ungefuta Kisumu ukaandika Garissa, hakuna sentensi ambayo ingebadilika. Halafu mwishoni mwa barua yako, kama mtu aliyekwisha kuaga akakumbuka neno mlangoni, ukaniambia kuhusu wasichana na benchi la kliniki. Hapo niliona mahali, nikaona mtu, nikaona kinachomzuia. Sentensi hiyo haimo katika andiko mlilonitumia, nami nakwambia ndiyo mradi wenu.

Mfadhili alipoandika kwamba hakuona suala la usawa, hakuwa na maana kwamba kazi yenu ni mbaya. Mlisoma "usawa wa afya" mkaelewa "afya kwa wote", mkaahidi kumfundisha kila mtu kila kitu. Yeye aliuliza jambo jingine. Hebu litazame benchi lako. Lango la kituo liko wazi kwa wote, muuguzi ni yuleyule, saa ni zilezile, benchi ni moja. Mama wa miaka 30 anaingia, anaketi, anapimwa, anarudi kwake. Msichana wa miaka 16 anafika langoni, anamwona jirani anayeimba kwaya moja na mamake, anageuka. Anarudi mimba ikiwa na miezi saba, wakati Shirika la Afya Duniani linataka mwanamke aonwe mara ya kwanza kabla ya wiki 12 kwisha, na aonwe mara nane hadi kujifungua. Kituo kimewatendea wawili hao sawa kabisa, na bado mmoja amepata huduma na mwingine ameikosa. Tofauti ya namna hiyo, inayoweza kuondolewa na bado haiondolewi, tume ya Shirika la Afya Duniani iliyoongozwa na Michael Marmot ilisema wazi mwaka 2008 kwamba ni dhuluma. Anayetangaza pesa za usawa wa afya anakuuliza hivi: katika mtaa wenu, nani anaachwa nje, amezuiwa na nini, na ninyi mtakisogeza vipi hicho kinachomzuia?

Watu watatu wenye shahada wakiketi Nairobi hawawezi kulijibu swali hilo kuliko ninyi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Ukurasa wa tatu wa andiko lenu umejaa takwimu, na sina ugomvi nazo. Ni kweli utafiti wa KENPHIA wa mwaka 2018 ulikuta asilimia 17.5 ya watu wazima wa Kisumu wanaishi na virusi vya ukimwi, wakati kiwango cha taifa kilikuwa 4.9. Ni kweli utafiti wa malaria wa mwaka 2020 ulikuta asilimia 19 ya watoto wa ukanda wa ziwa wana vimelea, na nchi nzima ni 6. Hata ile ya mimba za utotoni mmeinukuu vizuri: asilimia 15 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 nchini katika utafiti wa mwaka 2022, na 23 kwa majirani zetu wa Homa Bay. Lakini zinasema nini kuhusu usawa ndani ya Kisumu? Milimani na Nyalenda ni majirani, na asilimia 17.5 inawahesabu pamoja. Takwimu ya kaunti haiwezi kumtofautisha msichana wa jumba lenye bustani na yule wa chumba cha mabati. Tena msomaji wa maandiko amekwisha kuziona namba hizo katika maandiko 40 kabla ya lenu. Wekeni moja ya kufungulia mlango, sentensi moja basi, kisha ingieni mtaani kwenu.

Utaniuliza, namba za mtaani tutazitoa wapi, sisi si watafiti? Zipo, na nyingi ziko mwendo wa dakika 20 kutoka mnapokutania. Kila mwezi kituo chenu hujaza fomu ya Wizara ya Afya nambari 711, ya huduma za uzazi. Ndani yake kuna mistari inayohesabu wasichana waliokuja na mimba kwa mara ya kwanza: wa miaka 10 hadi 14, wa 15 hadi 19, na wa 20 hadi 24. Mwandikieni msimamizi wa kituo barua ya ukurasa mmoja, nakala kwa ofisi ya afya ya kaunti ndogo, mkiomba jumla za miezi 12 iliyopita. Jumla tu. Majina msiyaombe, na mtu akiwapa kwa wema, mrudishieni. Habari za afya za mtu zinalindwa na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na hata bila sheria, siri ya msichana wa mtaani kwenu ikivuja kupitia kikundi chenu, kazi yenu imekwisha siku hiyo.

Kisha nendeni kwa wahudumu wa afya wa nyanjani, hawa tunaowaita CHP. Kila mmoja ana nyumba zake, kwa kawaida kama 100, na ana daftari la kaya, fomu 513, analojaza nyumba kwa nyumba. Anajua ploti gani ina msichana aliyeacha shule na kwa nini. Vikundi vingi vya vijana huwaruka watu hawa, au huwaona washindani, na hilo limekuwa likinisikitisha miaka yote. Mhudumu wa nyanjani aliyekaa mtaani miaka kumi atawaokolea miezi mitatu ya kuzunguka. Kila robo mwaka wao hukaa na wananchi siku ya mazungumzo na kuzitaja hadharani namba za eneo lao. Mmewahi kuhudhuria hata moja?

Cha mwisho ni hesabu yenu wenyewe. Mko 14. Kila mmoja akizungumza na wasichana watatu waliojifungua katika miaka miwili iliyopita, hao ni 42. Waulizeni mambo machache tu: ulikwenda kliniki mara ya kwanza mimba ikiwa na miezi mingapi, ni nini kilikuchelewesha, na nani angekufanya uende mapema. Andikeni umri na jibu, bila jina wala namba ya simu. Hii ni ya kupangia kazi yenu. Siku mkitaka kuchapisha matokeo kama utafiti, hapo mtahitaji kibali cha NACOSTI, tume ya taifa inayosimamia utafiti, na mimi ningewashauri msiingie huko sasa.

Hapa nisimame kidogo, maana pana jambo zito kuliko pesa. Kati ya hao 42 watakuwapo waliopata mimba wakiwa watoto. Mtoto wa miaka 14 mwenye mimba ametendewa kosa la jinai chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, na pengine aliyemtendea yumo nyumba ileile. Kabla hamjauliza swali la kwanza, mjue mtafanya nini msichana akikuambieni hilo. Muwe mmezungumza na afisa wa watoto wa kaunti ndogo na dawati la jinsia la polisi, kila mwanachama awe anajua kwamba namba 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bure, na wasichana wahojiwe na wasichana wenzao. Andikeni utaratibu huo katika kurasa mbili, kila mwanachama atie sahihi. Wafadhili wengi makini huuliza sera ya kuwalinda watoto, na vikundi vingi hunakili ya shirika kubwa yenye kurasa 40 ambayo hakuna aliyeisoma. Hizo kurasa mbili zenu mnazozijua zitamlinda mtoto, na huyo mtoto ndiye ninayemuwazia.

Sasa, msije mkadhani mnajua jibu kabla ya kuuliza. Wewe umesema ni haya, yaani aibu. Huenda ni haya kweli, na huenda haya imebeba mengine mgongoni. Tangu Oktoba 1, 2024, SHA, mamlaka ya bima ya afya ya taifa, ilipochukua nafasi ya ile bima ya zamani ya NHIF, usajili wa mtu mzima huanzia kwenye kitambulisho cha taifa, na kitambulisho hutolewa ukifikisha miaka 18. Msichana wa miaka 16 anaandikishwa chini ya mzazi. Je, kama mzazi amemfukuza kwa ajili ya hiyo hiyo mimba? Mwingine anauza mandazi alfajiri na kliniki ya wajawazito kwao ni ya asubuhi. Miaka kadhaa iliyopita nilikaa na kikundi kimoja cha Busia kilichoandika kwamba wavuvi hawaendi kupimwa kwa sababu "hawana elimu ya afya", kikaomba pesa za semina. Tukashuka ufukweni kuwauliza. Wakatucheka. Omena huvuliwa usiku kwa taa. Asubuhi wanauza, mchana wanalala, wakiamka zahanati imefungwa. Elimu walikuwa nayo. Semina zikafutwa, kikundi kikaomba muuguzi awe anafika ufukweni saa moja asubuhi mara mbili kwa mwezi. Andiko lile lilipata pesa, na kwa maoni yangu ni kwa sababu ya hilo swali moja lililoulizwa juu ya mchanga.

Tuseme basi mmeuliza, na haya ndiyo iliyojitokeza zaidi. Mradi wenyewe unaweza kuwa mdogo hivi: msimamizi wa kituo akubali alasiri mbili kwa mwezi ziwe za wasichana wajawazito peke yao, na akina mama vijana wanane ambao tayari wamepitia hali hiyo wawe wasindikizaji, kila mmoja akishika wasichana wachache, akienda nao, akikaa nao, akirudi nao. Basi. Hakuna jengo na hakuna gari. Muuguzi analipwa na kaunti tayari, chumba kipo, dawa za kuongeza damu zipo au hazipo kama ilivyo kwa wengine. Mtakachokuwa mmeongeza ni mlango ambao msichana anaweza kupita.

Nimeifungua bajeti yenu nikihema. Mliomba shilingi 1,850,000. Fulana na kofia 240,000; ukumbi na sherehe ya uzinduzi 310,000; kompyuta na kamera 280,000. Hizo tatu peke yake ni 830,000, zaidi ya shilingi nne katika kila kumi, na hakuna hata moja inayomfikia msichana kabla ya mwezi wa saba wa mimba. Mfadhili husoma bajeti kabla ya maneno. Anajua maneno yanaweza kuazimwa, ila bajeti huonyesha moyo wa kikundi uko wapi. Fulana si dhambi, na najua kijana anavyojisikia akivaa fulana yenye jina la kikundi chake. Zinunueni kwa michango yenu.

Mradi niliouelezea hapo juu nimeupigia hesabu ya miezi tisa. Posho ya wasindikizaji wanane, kila mmoja 4,000 kwa mwezi, ni 288,000. Nauli za boda boda kwa walio mbali na kwa dharura, 6,000 kwa mwezi, ni 54,000. Uji, chai na mkate kwa alasiri 18, kila moja 5,000, ni 90,000. Daftari, uchapishaji na muda wa simu, 2,000 kwa mwezi, ni 18,000. Mafunzo ya siku tatu pamoja na muuguzi wa kaunti ndogo 30,000. Gharama za benki na mtu wa kukagua hesabu 20,000. Jumla 500,000. Ile 4,000 sikuitunga hewani. Wahudumu wa nyanjani hulipwa 5,000 kwa mwezi, nusu na serikali ya taifa, nusu na kaunti. Msindikizaji anayefanya kazi ya alasiri chache akilipwa 8,000, mtazua chuki mtaani ambayo hakuna mradi utakaoimaliza. Bei za uji na nauli ni zenu kuzirekebisha. Kisha, chini ya hiyo 500,000, andikeni safu ya pili: saa za muuguzi, chumba, muda wa wanachama wenu, vyote kwa thamani ya shilingi. Huo ni mchango wa jamii, na vikundi husahau kuuandika kana kwamba jasho lao halina bei.

Katika matokeo, msiahidi kupunguza vifo vya wajawazito Kisumu. Hamna uwezo wa kupima hilo na mfadhili anajua. Ahidini kitu mtakachokihesabu kwa kidole: katika wasichana wa miaka 15 hadi 19 waliokuja kliniki mara ya kwanza mwaka jana, wangapi walikuja kabla ya wiki 12, na baada ya miezi tisa, wangapi. Kama mwaka jana walikuwa 6 katika 50, semeni mnalenga 20 katika 50, na semeni mtafanya nini mkifika mwezi wa nne wa mradi mkaona bado ni 8. Hilo la mwisho haliulizwi mara nyingi, lakini nikilikuta limeandikwa, huwa najua nasoma watu waliofikiri.

Niseme juu ya vitabu vya hesabu, na hapa nitasema kwa uchungu kidogo. Kikundi kimoja cha Nakuru, upande wa Kaptembwo, nilikisaidia kuandika andiko zuri. Kilipata pesa. Akaunti ya kikundi ilikuwa imelala, basi wakakubaliana zipitie kwenye simu ya mwenyekiti "kwa muda". Mwenyekiti hakuwa mwizi. Mamake aliugua, akakopa kidogo akinuia kurudisha, akaongeza, akaona aibu, akaacha kuja mikutanoni. Ndani ya miezi mitano hapakuwa na kikundi tena, na marafiki waliosoma pamoja toka darasa la kwanza hawasalimiani. Ninajilaumu kwa hilo. Nilisoma andiko lao neno kwa neno, na sikuuliza hata mara moja pesa zitaingilia wapi.

Kwa hiyo anzeni sasa, kabla pesa haijaja. Watia sahihi watatu, na hakuna pesa inayotoka bila wawili. Kila mchango wa shilingi 50 uandikwe, kila ununuzi uwe na risiti au hati ya malipo iliyotiwa sahihi, na mwisho wa mwezi mweka hazina asome hesabu mbele ya wote na muhtasari uandikwe. Mkifanya hivyo miezi sita, daftari lile la kawaida la mistari litawatetea kuliko barua ya mheshimiwa yeyote. Angalieni pia cheti chenu: vikundi kama chenu sasa viko chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022, wanachama wasiopungua kumi, na cheti kina tarehe ya mwisho. Kama kimeisha, kihuisheni kabla ya kuomba. Msikimbilie kujigeuza shirika kamili chini ya sheria ya mashirika ya manufaa ya umma, iliyoanza kutumika Mei 14, 2024. Mzigo wake wa taarifa na ukaguzi ni mkubwa, na kwa 500,000 hamuuhitaji.

Pesa zenyewe ziko wapi? Hali imebadilika, na ni haki mlijue ili msijilaumu kwa kila barua ya kukataliwa. Januari 20, 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90 ili ipitiwe upya, na Julai 1 mwaka huohuo USAID ikakoma kutoa misaada. Kisumu, Siaya na Homa Bay zilikuwa kaunti za mpango wa DREAMS, uliowalenga wasichana wa miaka 10 hadi 24 kwa fedha za Marekani. Unajua mwenyewe ni kazi kiasi gani ya vijana mitaani kwetu iliegemea pesa hizo. Mashirika makubwa yaliyokuwa hayajali ruzuku ndogo sasa yanaziomba pamoja nanyi. Ndiyo maana nasisitiza ombi dogo lenye mahali na watu. Huko ndiko shirika kubwa haliwezi kuwashinda.

Tazameni wafadhili wanaotoa kwa vikundi vya jamii moja kwa moja. Kenya Community Development Foundation ni la hapa kwetu na linaelewa kikundi ni nini. FRIDA, lililoanzishwa 2010, husaidia vikundi vinavyoongozwa na wasichana na wanawake vijana, hata visivyosajiliwa. Kama uongozi wenu kweli ni wa wasichana, someni masharti yao, na kama sivyo msijipake rangi. Safaricom Foundation huzingatia afya pia, ila kwa kitu cha aina hiyo ningekwenda pamoja na kituo chenyewe, barua mbili kwa bahasha moja. Fedha za Global Fund, mfuko wa dunia wa kupambana na ukimwi, kifua kikuu na malaria, hamuombi Geneva. Huku Kenya wapokeaji wakuu wamekuwa Hazina ya Kitaifa, Msalaba Mwekundu na Amref, nao hushusha kazi kwa mashirika ya kaunti. Ulizeni ofisi ya afya ya kaunti ni shirika gani linashika kazi ya vijana Kisumu, mkajitambulishe kwa hao.

Jihadharini na jina la hazina. Hazina ya Maendeleo ya Vijana ya mwaka 2006 na Uwezo ya mwaka 2013 hukopesha vikundi kwa ajili ya biashara. Ni mkopo, unalipwa. Nimeona vikundi vikichukua pesa hizo kuendeshea semina za afya, halafu wanachama wakachanga miaka miwili kulipa deni la soda na mandazi ya semina. Mkitaka kufuga kuku, sawa. Kusindikiza wasichana kliniki hakuzai faida ya kulipia mkopo.

Na kaunti? Msitarajie iwape hundi. Lakini ndiyo yenye muuguzi, na Katiba ya 2010 imeweka huduma za afya za kaunti mikononi mwake. Mpango wake wa maendeleo wa mwaka unatakiwa uwe umefika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, mkakati wa fedha kufikia Februari 28, na mwaka wa fedha huanza Julai 1. Vikao vya maoni ya umma vikiitishwa wadini mwenu, nendeni na zile namba zenu za fomu 711, mkaombe kitu kimoja: alasiri za wasichana ziingie katika mpango wa kazi wa kituo. Hata mfadhili akiondoka baada ya miezi tisa, alasiri zile zitabaki. Swali la "mtaendeleaje pesa zikiisha" linawatoa jasho wengi. Hilo ndilo jibu lake, na lina tarehe.

Nirudi kwa yule bwana wa 30,000. Mfadhili akipenda andiko, atapiga simu. Atauliza: hao wasindikizaji mmewapataje? Kwa nini alasiri na si Jumamosi? Wewe utajibu nini, kama aliyefikiri ni mtu wa mjini asiyelijua hata hilo benchi? Na ile asilimia 10 itatoka mstari gani wa bajeti? Haiwezi kuandikwa kwa jina lake, basi mtailazimisha iwe nauli au uji, na hapo mmeanza mradi kwa risiti ya uongo. Kuna pia wanaodai ada ya kupokea maombi. Ukiona hivyo, acha. Mfadhili wa kweli hakutozi pesa ili umwombe pesa.

Kiingereza kisiwatishe. Ketini mkubaliane kwa lugha mnayoongea, Kijaluo au Kiswahili, mpaka kila mmoja wa wale 14 aweze kuusimulia mradi kwa dakika mbili bila karatasi. Kisha mmoja wenu aliyemaliza kidato cha nne aandike kwa sentensi fupi. Mwalimu wa shule ya jirani atawasahihishia sarufi, na kikombe cha chai kitamtosha.

Jumatatu peleka ile barua kwa msimamizi wa kituo. Mwombe jumla za miezi 12, na ukiwa pale muulize kama kuna alasiri ambayo benchi huwa tupu; vituo vingi hujaa asubuhi na kupungua baada ya chakula cha mchana. Ukipata hizo namba na majibu ya wasichana wale 42, niandikie tena. Andiko likiwa la kurasa sita nitalisoma lote, na nitakupigia tuongee kabla hujalituma.